Nani Kaipika Bia Hii?

Wilf Crabtree alipobandika tangazo kwenye ubao wa posta kwamba anauza mapipa matatu ya presha ya kuwekea bia, yametumika lakini yana afya kuliko mwenye nayo, alitarajia kupigiwa simu na kijana fulani wa mjini. Aliyemgongea mlango siku ileile, hata chakula cha mchana hakijaiva, alikuwa Enid Barraclough, mjane wa rafiki yake Clifford. Alikuwa amevaa koti la mvua na mkononi ana tochi.

"Unayatakia nini, shemeji? Kupandia maua?"

"Nionyeshe kwanza. Maua hayahusiki."

Mapipa yalikuwa kwenye banda la gari, ya plastiki nene ya rangi ya kahawia, kila moja likimeza painti arobaini, lita ishirini na kitu. Daktari alikuwa amempiga Wilf marufuku kunywa bia kwa sababu ya jongo la kidole gumba cha mguu, naye alikuwa amechoka kuyapita kila akienda kwenye gari, kama mtu anayempita mchumba aliyemwacha. Enid alipiga magoti, akafungua kifuniko cha kwanza, akaingiza pua, kisha tochi. Akafanya vivyo hivyo kwa la pili. La tatu alilinusa mara moja tu, akalisukuma kando kwa mguu.

"Hili limewahi kugeuka siki. Harufu ya siki ikishaingia kwenye plastiki haitoki hata uiombee. Nipe haya mawili."

Wilf akaliinamia pipa, akalinusa na yeye. Lile pipa lilikuwa limegeuza bia yake siki mwaka 1983, na siri hiyo alikuwa ameihifadhi miaka kumi na mitatu. Akauliza ni nani aliyemfundisha kunusa mapipa. Enid akajibu kwamba ana pua.

Njiani, mapipa yakigongana nyuma ya gari, Wilf akataka kujua ni nani atakayepika. Enid akasema ni yeye. Wilf akacheka, halafu akakumbuka kwamba anazungumza na mjane, akaurudisha uso mahali pake. Akasema mkono wa Clifford ulikuwa mkono wa peke yake, na kilichokwenda kimekwenda. Enid alitazama nje dirishani. Kauli za wanaume juu ya bia alikuwa amejifunza zamani kuziacha zipite, kama mbwa anayebweka nyuma ya ua.

Mtu asidhani bia ni mchezo kijijini Harrowclough, katika milima ya Yorkshire. Jumamosi ya pili ya Agosti wanaume arobaini hupakia matete kwenye mkokoteni mkubwa, wakalifunga rundo hilo hadi liwe refu kama nyumba, kisha wakauvuta kwa kamba kupanda mlima hadi kanisani, kwa sababu babu zao walitandaza matete kwenye sakafu ya udongo ya kanisa hilo, na hakuna aliyewahi kuwaambia waache. Mlima ni mkali. Ndiyo maana nyumba zinazopika bia huwangoja getini, na bia hiyo ni ya bure, haiuzwi. Mkuu wa mkokoteni husimama na kuuliza, "Nani kaipika bia hii?" Mpishi hutaja jina lake, hunywa kwanza, kisha humpa mkuu. Mkuu akiridhika, wanaume wote huliita jina la mpishi mara tatu kwa sauti ya kufukuza kunguru bonde zima. Asiporidhika huimwaga chini bia iliyobaki, na mkokoteni huondoka kimya. Familia ya Ogden ilimwagiwa mwaka 1971, na mjukuu wao, ambaye hakuwa hata amezaliwa, mpaka leo anaulizwa shuleni kama nyumbani kwao wanakunywa maji ya soksi.

Kwa miaka ishirini na miwili jina lililoitwa kwenye geti la kina Barraclough lilikuwa la Clifford. Aliyepika alikuwa Enid.

Jambo hilo lilianza kidogo tu. Mwaka wa kwanza Clifford alijaribu mwenyewe, akatoa kitu ambacho hata paka alikikimbia. Enid alikulia shambani kwa bibi yake, na bibi huyo alikuwa anapika bia ya wavunaji kila mwaka. Akaimwaga ile ya mumewe, akapika nyingine Clifford akiwa kazini kwenye kiwanda cha sufu, akamwambia asimame getini kwa sababu mkuu wa siku zile asingepokea kikombe kutoka mkononi mwa mwanamke. Mwaka wa pili hakuna aliyeuliza. Mwaka wa tatu lilikuwa limeshakuwa jambo la kawaida. Na tusimsingizie marehemu: alikuwa mtu mwema, na Enid alipenda kumwona anaingia ndani uso umemwiva kwa furaha. Kazi ya Clifford ilikuwa kukaza vifuniko vya mapipa. Alivikaza kwa spana ya mnyororo, mishipa ya shingo imemtoka, na akishatoka Enid alikuwa akishuka kwenye chumba cha chini na kuvilegeza. Mpira wa kifuniko, ule wa kuzuia gesi isitoke, hukazwa kwa kiganja tu. Ukiukaza zaidi unajipinda pembeni na gesi yote inatoroka. Jambo hilo mwanamume wa Harrowclough haambiwi akaelewa.

Clifford alipofariki, hakuna aliyemuuliza Enid kama ataendelea, naye hakuendelea. Mapipa aliyatoa kwenye mnada wa kanisa. Miaka minane mkokoteni ulipita getini kwake bila kusimama, na kila mwaka wanaume wote arobaini walivua kofia kwa heshima ya Clifford. Agosti iliyopita Enid alikuwa amesimama palepale getini, hai, ana miaka sitini na sita na kilo sabini, akitazama kofia arobaini zikivuliwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Aliumia. Aliporudi ndani alijisemea kwamba mwakani wataliita jina lake au watamwaga bia yake barabarani, lakini kofia hazitavuliwa tena pale.

Basi alichemsha maji, akavichovya vidude vyote vidogo vya mapipa ya Wilf, akatupa mipira ya zamani na kuweka mipya, akaipaka mafuta ya mgando kwa kidole. Akajaza maji, akapuliza hewa kwa pampu ya baiskeli, akapaka povu la sabuni kuzunguka vifuniko na mabomba. Hakuna kilichotoa mapovu. Wiki ya kwanza ya Julai jikoni kulinuka kimea cha shayiri na maua makavu ya hopsi, harufu ya uji na nyasi chungu, na jirani wa kulia akaja kuazima chumvi asiyoihitaji. Enid hakupima kwa kitabu. Alisikiliza sufuria. Alipotia hamira alikunja mikono, akaingoja iamke, nayo ikaamka kesho yake, povu lake limeumuka kama mkate. Baada ya siku nane akaihamishia kwenye mapipa na sukari kidogo ya kuiamsha tena, akafunga vifuniko kwa kiganja, akayashusha kwenye chumba cha mawe chini ya nyumba, ambako hata joto la Agosti haliingii.

Jumatano kabla ya siku yenyewe alionja. Ikaja na povu jeupe, nyekundu ya shaba, uchungu wake unafika mwishoni bila haraka. Alisimama pale chini peke yake akacheka. Miaka minane na mkono haukuwa umesahau kitu.

Ijumaa alikwenda mjini Halifax kwa daktari wa macho. Mlango wa nyuma haukuwahi kufungwa kwa ufunguo tangu yeye na Clifford waoane.

Jumamosi saa moja asubuhi alishuka na jagi. Bomba la pipa la kwanza likakohoa, likatoa uzi mwembamba wa bia, kisha likaanza kunyonya hewa. La pili likafanya vilevile. Enid hakuhitaji tochi. Kwenye kila kifuniko kulikuwa na alama za meno ya mnyororo, mbichi kabisa, na juu ya ngazi kulikuwa na kikapu cha matunda ambayo jana hayakuwepo, yale makali ya kutengenezea jamu. Alikijua kikapu hicho.

Alipopigiwa simu, Wilf alikuja mbio, miguuni ana slipa. Hakukana. Alisema alileta matunda, akaona ashuke ayaamkie mapipa yake, akavigusa vifuniko akaviona vimelegea, akajua mikono ya kike imeshindwa, basi akaenda kuchukua spana. Alikuwa ameviweka sawa kama Clifford alivyokuwa anaviweka.

"Kama Clifford," Enid akasema. "Njoo."

Akauweka mkono wa Wilf juu ya kifuniko, wakakifungua pamoja. Mpira ulikuwa umejikunja nusu nje, umekatika upande mmoja. Wilf akauinua, akaugeuza huku na huku. Halafu akaonja bia, na hapo rangi ikamtoka, maana ilikuwa nzuri, nzuri kuliko alivyotaka iwe, lakini ilikuwa imelala. Haikuwa na povu, wala ule mchomo mdogo kwenye ulimi. Alikuwa ameiua, akasema. Duka la vichupa vya gesi, ambavyo vingeirudishia povu, lilikuwa Halifax na lingefunguliwa mkokoteni ukiwa umeshafika nusu ya mlima.

"Hujaiua. Umeilaza tu," Enid akasema. "Tukiacha vifuniko wazi, itashuka bombani yenyewe kama maji ya tangi. Kesho itakuwa imeharibika, lakini sisi tunaihitaji leo."

"Mkuu wa mkokoteni ni Gordon, shemeji, naye ataimwaga. Unamjua. Akiona haina povu ataimwaga hata kabla ya kumeza." Wilf akashusha sauti ingawa walikuwa wawili tu. "Sikiliza. Sema ni bia ya Clifford. Sema umefuata maelezo yake, umeipika kwa kumbukumbu yake. Bia ya marehemu Gordon hawezi kuimwaga, watu watamla nyama. Wataliita jina la Clifford, mambo yataisha, na hakuna atakayekucheka."

Ushauri ulikuwa mzuri, na Enid alilijua hilo. Wilf alikuwa hajakosea hata neno. Bia ya marehemu haimwagwi, na yake ingeweza kumwagwa, naye angeishi miaka iliyobaki jirani na kina Ogden katika historia ya kijiji. Alimwambia tu Wilf amsaidie kupandisha mapipa hadi getini, na spana aiache nyumbani kwake.

Mkokoteni ulisikika kabla ya kuonekana: ngoma, filimbi, magurudumu ya mbao yakilalamika kwenye kona ya shule. Siku yenyewe ilikuwa na joto, jambo ambalo Yorkshire hulikumbuka miaka mingi. Rundo la matete likachomoza juu ya ukuta, halafu kamba, halafu wanaume wawili wawili, mashati meupe yamewagandia migongoni. Mbele yao alitembea Gordon Lumb, mwenye bucha, kifua kama kabati. Aliona mapipa mawili kwenye meza iliyotandikwa kitambaa, akaona wajane siku hizi wana mambo, akainua mkono. Kamba zikalegea.

"Nyumba hii ina bia?"

"Inayo."

"Nani kaipika bia hii?"

"Clifford, shemeji," Wilf akanong'ona ubavuni pake. "Sema Clifford."

Lingekuwa jambo rahisi. Jina la Clifford lingetoka kwenye koo arobaini na yeye angefurahi kidogo, kama alivyokuwa akifurahi siku zote. Lakini miaka yote ile hakuna aliyemuuliza, na leo ameulizwa mbele ya watu. Aliyeulizwa kwa mdomo akajificha mwenyewe hana wa kumlaumu tena.

"Mimi," akasema. "Enid Barraclough."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akapigwa kiwiko. Gordon alimtazama aone kama ni utani. Alipoona siyo, akamkabidhi kikombe cha mkokoteni, cha bati, chenye vishikio viwili. Enid akakijaza. Bia ikatoka taratibu, nyekundu, tulivu, bila hata pete ya povu, na mnong'ono ukapita kwenye kamba kutoka mbele hadi nyuma. Akanywa nusu bila kushusha kikombe. Akamjazia tena Gordon.

"Haina povu, Bi Enid."

"Haina. Povu halijawahi kumkata mtu kiu. Kunywa, Gordon, mkono usije ukakuchoka."

Gordon akanywa funda dogo, kama mtu anayejaribu maji ya mto kwa kidole cha mguu. Akatazama ndani ya kikombe. Akanywa tena, na safari hii koo lake likapanda na kushuka mara nyingi, kichwa kikaenda nyuma, na watu wote wakawa wanalitazama lile bati linavyoinama. Aliposhusha kikombe alifuta mdomo, akakigeuza juu chini.

Enid akaangalia chini, aione bia yake ikimwagika. Lakini chini hakikudondoka kitu. Kikombe kilikuwa kikavu.

"Hii naijua," Gordon akasema, si kwa sauti ya mkuu wa mkokoteni bali ya mtu aliyesimama dukani. "Nimeinywa hapahapa miaka na miaka."

"Ndiyo."

"Nani alikuwa anaipika?"

Swali hilo Enid hakulitarajia. Alikuwa amepanga kudai bia ya leo tu, ile ya zamani ilale na mwenyewe. Alimpenda Clifford. Hata sasa, wanaume wote wakimtazama, alitamani kumfunika. Lakini uongo wa pili angeusema peke yake, bila mume wa kuugawana naye.

"Mimi. Clifford alikuwa anakaza vifuniko."

Wilf akaangalia slipa zake. Gordon akakishika kikombe kwa mikono yote miwili, na uso wake mpana ukaiva pole pole kuanzia shingoni.

"Siku ya mazishi yake nilisimama mbele ya watu. Nilisema leo tumezika bia bora ya kijiji hiki."

"Ulisema. Nilikuwa nyuma yako na sahani ya sandwichi."

Hakuna aliyecheka. Gordon akakizungusha kikombe. Alikuwa mtu wa bucha, si mtu wa maneno, na aliyoyatafuta hakuyapata. Mwishowe akauliza alichoweza kuuliza: kwenye geti hili wamezoea kumwita Clifford, hata alipokuwa ameshafariki walikuwa wanamwita mioyoni, sasa wafanye nini? Wawaite wote wawili?

"Mkifika juu mtapita makaburini," Enid akasema. "Mwiteni huko, ndiko aliko. Atafurahi. Hapa nipo mimi."

Gordon akatikisa kichwa kukubali. Akawageukia wanaume wake, akainua kikombe kikavu, akalitaja jina.

Mara ya kwanza walisita kidogo, kwa sababu midomo ilikuwa imezoea jina jingine. Mara ya pili lilitoka lote, Enid Barraclough, na kunguru wa mnara wa kanisa wakaruka. Enid alikuwa amedhani atafurahi tu. Alifurahi, na papo hapo akashikwa na hasira ya miaka ishirini na miwili, vyote kwa pamoja, na hakujua kipi akitangulize. Mara ya tatu Wilf naye alikuwa anapiga kelele ubavuni pake, amechelewa nyuma ya wenzake, na Enid alikuwa analia bila kuuficha uso. Akafungua bomba la pipa la pili, akawaambia wapange mstari.